Mama anatoka Tanga, mimi naishi Bromley: kuna cha kumwonyesha?

"Huu ni mwaka wa tatu niko Orpington, nafanya kazi hospitalini kwa zamu. Mwezi wa sita mama yangu anakuja kutoka Tanga, atakaa wiki tatu. Alikuwa mwalimu wa historia sekondari, sasa amestaafu anafuga kuku. Wenzangu kazini wanasema Bromley hakuna kitu, ni mahali pa kulala tu, nimpeleke Big Ben na Buckingham basi. Lakini goti lake bovu, ngazi za treni za mjini zitamtesa. Mwanangu wa miaka kumi naye amekuja na habari za mapango ya Chislehurst, eti yalichimbwa na makuhani wa kale waliokuwa wakichinja watu humo. Ni kweli? Na lile jumba la vioo la Crystal Palace bado lipo? Halafu kuna mtu ananiambia Bromley hata si London, ni Kent. Nimechanganyikiwa. Nianzie wapi?"

Dada yangu, kwanza mpe mama shikamoo yangu. Nimekusoma mara mbili, na chini ya maswali yote naona hofu moja: kwamba mwalimu wa historia atakaa sebuleni wiki tatu akitazama ua wa jirani, wewe uko zamu, kisha arudi Tanga na picha moja ya Big Ben iliyopigwa mbiombio. Hofu hiyo naijua. Kazi yangu ni kutembeza wageni upande huu wa kusini-mashariki, na wengi wanaonipigia simu ni wakazi wa huku huku waliopata ugeni ghafla. Jibu langu ni hili: usimpeleke mbali. Ya kumtosha yako ndani ya mwendo wa basi au stesheni chache kutoka mlangoni kwako. Big Ben nendeni siku moja, apate picha yake, yaishe.

Wenzako siwalaumu sana. Wanaona Bromley tupu kwa sababu wanatafuta mji, na hapa hapakuwahi kuwa na mji mmoja. Manispaa hii ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1965, serikali ilipopanua mipaka ya London na kuzikusanya halmashauri za pembeni. Bromley, Beckenham, Penge, Orpington na Chislehurst, kila moja na kanisa lake, soko lake na majivuno yake, zikafungwa kamba moja kama kuni. Kabla ya siku hiyo karibu eneo lote lilikuwa Kent, ndiyo maana mzee wa hapa bado anaandika "Kent" kwenye bahasha na hakosei moyoni mwake, ingawa kiserikali wewe ni mkazi wa London kamili. Kuna hata kijiji kimoja, Knockholt, kilichogoma kuwa London, na mwaka 1969 kikarudishwa Kent.

Kwa ukubwa wa ardhi hakuna manispaa ya London inayoifikia, kati ya zote 32. Ni kilomita za mraba 150 hivi, watu wapatao 330,000, na zaidi ya nusu ya ardhi ni mashamba, misitu na nyika ambazo sheria inazuia zisijengwe. Kwa hiyo ukishuka Bromley South ukauliza "vivutio viko wapi?" utaonyeshwa maduka. Uliza kijiji. Chislehurst kiko wapi, Downe iko wapi, Keston iko wapi. Hapo ndipo historia inapoanza kuonekana.

Na kuna mambo mawili yanayoeleza karibu kila nitakachokutajia. La kwanza ni chaki. Chini ya miguu yenu huko Orpington kuna mwamba mweupe laini, ule ule wa vilima vya North Downs, na ndani yake vimelala vipande vya gumegume vyeusi kama chupa iliyovunjika. Ndilo gumegume lile lile la "bunduki ya gumegume" ambayo mama atakuwa aliifundisha darasani. La pili ni umbali. Kutoka Bromley hadi katikati ya London ni kama kilomita 15. Kabla ya reli ulikuwa mwendo wa farasi wa kutosha kukuondoa kwenye moshi wa jiji, lakini si mrefu wa kukufanya usahaulike. Mwanasiasa, mwanasayansi, mfalme aliyepinduliwa, wote walikuja hapa kwa hesabu hiyo hiyo: nijifiche, lakini nisipotee. Reli ilipofika Bromley mwaka 1858, makarani wakaifanya hesabu hiyo pia, na hapo ndipo "mahali pa kulala" pa wenzako palipozaliwa.

Sasa mapango ya kijana wako. Mama akisikia neno pango atafikiri yale mapango ya Amboni ya kwao Tanga, na ni ulinganisho mzuri kuanzia nao, kwa sababu ni kinyume chake. Amboni ni kazi ya maji na chokaa kwa mamilioni ya miaka. Chislehurst ni kazi ya sururu. Hakuna hata futi moja ya pango la asili pale. Ni machimbo: watu walishuka chini kutafuta chaki ya kuchoma iwe chokaa, na gumegume la viberiti vya kale na bunduki. Yanatajwa katika maandishi tangu karne ya 13, na uchimbaji unaaminika kukoma miaka ya 1830. Ukiona njia zinavyopinda na kukatana, urefu wake wote ukiujumlisha ni kilomita 35 hivi, ujue mchimbaji hakuwa anachora ramani. Aliacha nguzo za chaki zishike paa, akakata palipo na faida. Mtu wa pwani aliyewahi kuona tanuu la chokaa, matumbawe yakipangwa juu ya magogo na kuwashwa moto usiku kucha, ataelewa biashara hii bila kuelezwa. Tofauti ni kwamba wao walichimba chini, sisi tulichukua baharini.

Habari za makuhani wa kuchinja watu zina tarehe yake. Mwaka 1903 bwana mmoja aitwaye William Nichols, mkubwa katika chama cha wapenda mambo ya kale, alitangaza kwamba sehemu moja ilichimbwa na Wadruidi, makuhani wa Waselti, nyingine na Warumi, nyingine na Wasaksoni. Hakuwa na ushahidi wa maana. Lakini jina likishatoka halirudi. Mpaka leo ramani ya mapango imegawanywa kwa majina hayo matatu, na kona moja inaonyeshwa kama madhabahu. Mwongozaji atawazima taa, atapiga kelele ya ghafla, kijana wako atakushika mkono. Mwache afurahi, kisha kwenye treni mweleze ukweli, kwa sababu ukweli una nguvu kuliko Wadruidi.

Ukweli wenyewe ni vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza mapango yalihifadhi risasi na mabomu ya karakana ya Woolwich. Baadaye wakaotesha uyoga gizani. Kisha mwaka 1940 ndege za Wajerumani zilipoanza kuimwagia London mabomu, watu wakaanza kushuka wenyewe, familia kwa familia, na magodoro. Kufikia kilele walikuwa watu wapatao 15,000 wanalala humo. Paliwekwa umeme, vitanda vya ghorofa, zahanati, kanisa, na mahali pa kucheza dansi. Mtoto mmoja alizaliwa mle ndani na akapewa jina lililobeba neno "pango", kama sisi tunavyomwita mtoto Masika au Vita kwa kile kilichokuwa kikitokea siku ile. Namba za sehemu za kulala bado zinaonekana ukutani. Hapo ndipo mimi huwaambia wageni wanyamaze dakika moja wasikie ukimya wa mle ndani. Kisha wawafikirie watu 15,000 wamelala humo.

Kuhusu goti: hakuna ngazi nyingi za kupanda, lakini sakafu ni ya udongo isiyo sawa, unatembea na taa ya mkononi, na ziara inakaribia saa nzima. Usitegemee kupata kiti. Baridi ya ndani ni nyuzi 10 hivi mwaka mzima, hata nje pakiwa na joto la mwezi wa sita. Wewe ni mtu wa hospitali, goti la mama unalijua kuliko mimi. Ila kabla ya kukata tiketi piga simu uwaeleze hali yake, wakujibu wanaoijua njia. Mtu anayetembea sokoni Mgandini nusu saa bila kukaa, naona ataweza. Anayehitaji kukaa kila dakika kumi, kijana aende na wewe, mama abaki juu, mkimaliza ndipo mmsimulie.

Jumba la vioo. Halipo, dada. Pole. Lilijengwa na Joseph Paxton kule Hyde Park kwa maonyesho makubwa ya mwaka 1851, likafunguliwa upya mwaka 1854 juu ya kilima cha Sydenham likiwa kubwa zaidi, na usiku wa tarehe 30 Novemba 1936 likaungua lote. Kilichobaki ni ngazi kubwa za mawe, kuta za matuta na sanamu za sphinx, simba wenye kichwa cha mtu, zinazolinda hewa tupu. Wageni wengi hufika pale wakasonya. Wengine hufika wakitafuta uwanja wa mpira, na huo pia haupo: klabu ya Crystal Palace inacheza Selhurst Park, ambayo ni manispaa ya Croydon. Mwambie kijana mapema, usije ukalaumiwa.

Lakini shukeni chini, upande wa Penge, kwenye bwawa. Pale kuna viumbe wa saruji, thelathini hivi, waliotengenezwa na mchongaji Benjamin Waterhouse Hawkins kati ya 1853 na 1855 kwa ushauri wa Richard Owen, yule mwanasayansi aliyebuni neno "dinosauri" mwaka 1842. Ni sanamu za kwanza duniani za dinosauri kwa ukubwa wa kweli, na zimekosewa vibaya kwa namna ya kupendeza. Mtazame Iguanodon: mnyama mnene wa miguu minne kama kifaru, na pembe puani. Ile pembe ni mfupa wa dole gumba. Hawakuwa na mifupa ya kutosha, wakajaza pengo kwa kile walichokijua, na walichokijua ni kifaru na mjusi. Na katika kundi zima, sanamu nne tu ndizo za dinosauri hasa, hao wengine ni watambaazi wa majini, vyura wakubwa wa kale na wanyama wa baadaye.

Hapa mama mwalimu atakuwa na lake la kusema. Miaka hamsini na kitu baada ya sanamu hizi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba Tendaguru, Lindi, wakatoa mifupa mingi iliyobebwa vichwani na wapagazi hadi bandarini, na leo yule mnyama mrefu wa mita 13 amesimama jumba la makumbusho la Berlin. Waliomchimba wengi ni watu wetu. Kijana aambiwe hilo akiwa amesimama mbele ya kifaru wa saruji, lisikae kitabuni tu. Kwa kwenda, panda treni ya Victoria kutoka Orpington mpaka Penge East, kisha mtembee taratibu. Njia za kuzunguka bwawa ni tambarare, ngazi za matuta ya juu muachane nazo. Hifadhi hiyo hufanyiwa matengenezo mara kwa mara, kwa hiyo angalieni kabla kama njia imefungwa.

Kama ningepewa siku moja tu na mama yako, hata hivyo, nisingempeleka huko wala mapangoni. Ningempeleka Downe.

Downe ni kijiji chenye kanisa, baa mbili na kituo cha basi. Nje kidogo ya kijiji kuna nyumba nyeupe iitwayo Down House, bila herufi ya mwisho, kwa sababu kijiji kilibadili tahajia miaka ya 1840 na mwenye nyumba hakujisumbua. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa asili ya viumbe, alihamia hapo Septemba 1842 akiwa na miaka 33, akakaa miaka 40 mpaka alipofia humo tarehe 19 Aprili 1882. Watu hudhani kazi yake aliifanya juu ya meli, visiwani. Meli ilikuwa miaka mitano. Miaka 40 ya baadaye ilikuwa hapa, akipima, akiotesha, akiandika barua, na kitabu chake kikubwa cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe kilitoka kwenye kiti kimoja kilichomo ndani ya chumba kile cha kazi. Kiti chenyewe alikitia magurudumu ili ajisukume kutoka meza hadi meza, na aliandika akiwa ameweka ubao juu ya mapaja. Alikuwa mgonjwa wa tumbo na uchovu miaka nendarudi. Mama mwenye goti bovu ataupenda ule ujanja wa magurudumu.

Nyuma ya bustani kuna njia ya mchanga iliyozunguka kijisitu. Darwin aliitembea kila siku, raundi kadhaa, akiwaza. Ili asihesabu kichwani, alipanga vipande vya gumegume mwanzoni mwa njia, na kila alipomaliza raundi alipiga teke kimoja. Tatizo dogo lilikuwa la mawe mawili, gumu la mawe manne. Njia bado ipo, nusu yake kivuli cha miti, nusu inatazama bonde la malisho ambalo halina jengo hata moja. Ukisimama hapo asubuhi ya siku ya kazi, mwezi wa sita, unasikia nyuki. Huko London, dada, ndani ya mipaka ya London.

Naomba nikuonye juu ya jambo moja. Niliwahi kumpeleka mzee mmoja mcha Mungu akakataa kuvuka kizingiti, akasema haingii nyumba ya mtu aliyesema sisi tumetokana na nyani. Tukakaa kwenye benchi nje tukazungumza. Darwin hakusema kwamba nyani hawa tunaowaona ni babu zetu. Alisema sisi na wao tuna asili moja ya zamani sana, kama binamu wasiotoka mmoja kwa mwingine. Hilo halikumgeuza yule mzee, na sikutaka limgeuze. Kilichomwingiza ndani ni nilipomwambia kwamba Darwin, japo aliacha kusali, aliendelea kumsaidia paroko mambo ya kijiji, na alikuwa mweka hazina wa chama cha wanakijiji cha kuchangiana kwa ugonjwa na msiba. "Chama cha kufa na kuzikana?" akauliza. Ndicho hicho. Akaingia.

Mwambie kijana atafute vitu viwili: slaidi ya mbao ambayo watoto wa Darwin waliteleza nayo kwenye ngazi, na jiwe la duara katika nyasi lililowekwa kupima jinsi minyoo ya ardhini inavyozamisha vitu kidogo kidogo. Darwin aliichunguza minyoo hiyo miaka mingi, akaipigia hata piano ione kama inasikia. Haisikii, lakini chungu kikiwekwa juu ya piano inashtuka kwa mtetemo. Mfuga kuku hatashangaa kwamba mtu mzima alitumia uzee wake kuwatazama minyoo.

Basi la R8 linatoka Orpington hadi Downe. Ni dogo, linapita kwa nadra, na ukilikosa utasubiri hadi uchoke, kwa hiyo soma ratiba ya kurudi kabla hujasoma ya kwenda. Nyumba ina watunzaji, English Heritage, na wana siku zao za kufunga. Ghorofani kuna ngazi, lakini vyumba vya maana viko chini.

Kutoka Downe si mbali na Keston, na hapa nafika kwenye jambo ambalo mwalimu wa historia atataka kubishana nalo, ndiyo maana nalitaja. Kando ya njia ya miguu ya Holwood kuna kiti cha jiwe kilichowekwa mwaka 1862, na karibu yake mabaki ya mwaloni mkongwe. Tarehe 12 Mei 1787 vijana watatu waliketi chini ya mti huo: William Pitt, waziri mkuu na mwenye shamba hilo la Holwood, William Grenville, na William Wilberforce. Wote walikuwa na miaka 27. Pitt alimsukuma Wilberforce aipeleke bungeni hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Ilichukua miaka 20. Sheria ilipopita mwaka 1807 Pitt alikuwa ameshafariki, na waziri mkuu alikuwa Grenville.

Hadithi hii hapa husimuliwa kana kwamba mambo yaliishia pale. Mama atakuuliza, na atakuwa na haki: mbona kwetu haikuisha? Sheria ya 1807 iliwafunga Waingereza na meli zao. Pwani yetu biashara iliendelea, ikakua hata, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yakimeza watu, na soko la Zanzibar lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliusaini akiwa amebanwa na manowari. Utumwa wenyewe Zanzibar haukuondolewa kisheria mpaka 1897. John Kirk, balozi wa Uingereza aliyembana Barghash, alimalizia uzee wake Sevenoaks, stesheni nne tu baada ya Orpington. Tena mabwana watatu chini ya mti hawakuwa peke yao. Walikuwepo watu kama Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, aliyezunguka Uingereza akihubiri na kuuza kitabu chake. Hana kiti cha jiwe Keston. Mimi bado napapenda mahali pale, ila napapenda pamoja na hasira hiyo. Njia ina mteremko na mvua ikinyesha inateleza, kwa hiyo hapo goti lisikilizwe.

Siku nyingine ya jua nendeni Petts Wood, stesheni moja tu kutoka kwenu. Huu ndio msitu ulioleta kero yako ya simu. Nina hakika unaijua: mama amezoea umpigie saa moja usiku ya Tanga, na kila Machi na Oktoba mnapotezana, kwa sababu tofauti inabadilika kutoka saa tatu kuwa mbili, kisha inarudi. Mkosaji ni William Willett, mjenzi wa nyumba aliyeishi Chislehurst. Asubuhi moja ya kiangazi alikuwa juu ya farasi akaona mapazia ya nyumba yamefungwa na jua limeshapanda. Akaandika kijitabu mwaka 1907 kutaka saa zisogezwe mbele. Pendekezo lake lilikuwa la ajabu zaidi ya tulilo nalo: dakika 20 kila Jumapili kwa Jumapili nne. Akachekwa, akafa 1915, na mwaka uliofuata vita vikailazimisha serikali kukubali ili kuokoa makaa ya mawe.

Ndani ya msitu kuna nguzo ya jiwe yenye saa ya kivuli, kumbukumbu yake, na imewekwa kwa saa za kiangazi tu. Maandishi yake ya Kilatini yanasema haihesabu saa zozote ila za kiangazi. Mpeleke mama pale. Mtu anayeanza kuhesabu saa pale jua linapochomoza hahitaji kufundishwa na Willett kwamba siku huanza na mwanga. Nilipomweleza mgeni mmoja wa Pemba, alicheka mpaka akakalia gogo.

Kuna mengine nitayapita upesi. Chislehurst aliishi Napoleon wa Tatu, yule mfalme aliyepinduliwa, baada ya kung'olewa Ufaransa, akafia hapo Januari 1873. Mwanawe wa pekee wa ndoa akaenda Afrika Kusini na jeshi la Waingereza akauawa na Wazulu mwaka 1879, msalaba wake uko kwenye uwanda wa kijiji. Nyumba yao sasa ni klabu ya gofu, utaiona kwa nje. Biggin Hill ina makumbusho ya marubani wa vita wa 1940, nzuri kwa kijana anayependa ndege. Karibu kabisa na stesheni yenu ya Orpington kuna mabaki ya nyumba ya Kirumi, vyumba kumi chini ya paa moja, vya kutazama kwa nusu saa. Ila ile ngome ya Keston wanayoiita kambi ya Kaisari si ya Kaisari hata kidogo, ni ya wenyeji wa Zama za Chuma.

Na kuku. Usisahau kuku! Mwaka 1886 mtu aitwaye William Cook alitengeneza hapo Orpington aina ya kuku mweusi, mnene, mpole, akampa jina la mji. Kuku huyo akapelekwa Australia, wakamchagua upya kwa mayai, wakamwita Australorp, yaani Orpington wa Australia. Muulize mama kama hajawahi kusikia "Black Australorp" kwa wauza vifaranga. Mji unaolala wewe ndio chimbuko la ukoo wao.

Nikikupimia sasa kwa zamu zako: Downe siku moja nzima, msirundike kitu kingine. Petts Wood na mapango yako kwenye reli moja, Chislehurst ni stesheni inayofuata, kwa hiyo asubuhi msitu, mchana pango kwa anayeweza. Penge siku ya kijana, Jumamosi. Keston mwende tu ikiwa kumekauka siku mbili. Mabasi yote yanashuka chini kumpokea mwenye goti, na treni ya chini ya ardhi haipo Bromley hata moja, jambo ambalo wenzako wanalilalamikia na kwenu wiki hizi tatu ni rehema.

Kama mama atataka kuchimba zaidi, ramani za zamani, picha za pango wakati wa vita, majina ya mitaa, usitegemee simu yako. Nendeni maktaba kuu ya Bromley muulizie idara ya kumbukumbu za historia ya eneo. Pigeni simu mapema mpange siku, mwambie mhudumu mnatafuta nini hasa, naye atayaandaa makabrasha mezani kabla hamjafika. Huyo ni mtu wa kuonana naye uso kwa uso. Mimi najua njia, yeye anajua karatasi.

Na kwenye sanduku mama atie sweta moja nzito. Atasema mwezi wa sita Ulaya ni kiangazi. Mwambie ni ya pangoni.